Kiwanda cha Madimba na ndoto ya mafuta mazito: jibu kwa fundi wa Mikindani

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni fundi wa kuchomelea, naishi Mikindani. Nimesoma kwamba Marekani na Kanada wanapanua viwanda vya kusafisha mafuta pamoja na mabomba yake ili vipokee mafuta ghafi mazito, kwa sababu bei yake ni ya chini. Sisi tuna kiwanda Madimba na bomba la inchi 36 mpaka Dar es Salaam. Kwa nini tusivipanue hivyo hivyo, mafuta mazito yaje kwa meli hapa Mtwara, tusafishe wenyewe tuache kununua dizeli ya nje? Na ikitokea, mtu wa kazi kama yangu ajiandae vipi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Swali lako nimelipokea kwa moyo, maana watu wengi wa kusini wanalo kichwani ila hawaliulizi kwa sauti.

Nianze na Madimba. Kile kiwanda hakisafishi mafuta. Gesi ikitoka kwenye visima vya Mnazi Bay, pale inatenganishwa na maji pamoja na kondensati kidogo, yaani mafuta mepesi yanayokuja nayo, inakaushwa, inapimwa, kisha inaingia bombani. Gesi yetu ni safi sana, takriban asilimia 98 ni methani, na salfa karibu haimo, kwa hiyo mitambo ya kuitengeneza ni michache. Uwezo wa Madimba ni futi za ujazo milioni 210 kwa siku, na ndugu yake wa Songo Songo kule Kilwa ni milioni 140. Hakuna tanuri la kuchemshia mafuta wala mnara wa kuyanereshea. Kupanua Madimba ili ipokee mafuta ghafi ni kujenga kiwanda kingine kabisa pembeni yake, na kitakachoshirikiwa ni uzio, barabara, umeme, na gesi yenyewe. Hiyo gesi uishike akilini, nitairudia.

Bomba nalo ni habari yake. Bomba la gesi lililozinduliwa mwaka 2015 linasukuma gesi kutoka huku kwenda Dar es Salaam, na mitambo ya umeme inaitegemea. Kitaalamu, bomba la gesi linaweza kugeuzwa likapitisha mafuta. Wakanada walifanya hivyo katika mradi wa Keystone, ambapo kilometa 864 za bomba la zamani la gesi ziligeuzwa kuwa za mafuta ghafi. Lakini wao walikuwa na mabomba mengine ya gesi sambamba. Sisi tukiligeuza letu, sehemu kubwa ya gesi ya Mtwara itabaki ardhini na mitambo ya Dar es Salaam itakosa gesi hiyo. Tena mafuta yaliyoletwa kwa meli Mtwara yasafirishwe ghafi mpaka Dar ya nini, wakati meli ingeweza kwenda Dar moja kwa moja?

Umesoma juu ya upanuzi wa mabomba, na hapo kuna jambo zuri la kujifunza. Bomba la Alberta Clipper, linalotoka Hardisty nchini Kanada hadi Superior katika jimbo la Wisconsin, lina kipenyo cha inchi 36 kama la kwetu. Lilianza mwaka 2010 likipitisha mapipa 450,000 kwa siku, na baadaye likafikishwa 800,000 bila kubadilisha bomba. Waliongeza vituo vya pampu na nguvu ya pampu zilizokuwepo. Ila nguvu hiyo haipandi sawasawa na mafuta: ukitaka mtiririko mara mbili, nguvu ya pampu inapanda karibu mara saba au nane. Ndiyo maana kuna mahali wahandisi huacha kuongeza pampu na kulaza bomba la pili kando ya la kwanza. Walivyofanya kwenye bomba la Trans Mountain, nalo la Kanada, ndivyo hivyo: uwezo umetoka mapipa 300,000 hadi 890,000 kwa siku, na kazi ilikamilika Mei 2024. Mwaka 2013 makadirio yalikuwa dola za Kanada bilioni 5.4. Walipomaliza, bili ilikuwa bilioni 34. Namba hiyo kila mtu anayezungumzia upanuzi kwa wepesi angepaswa kuiandika ukutani.

Sasa mafuta mazito ni yapi? Dunia nzima hupima uzito wa mafuta ghafi kwa kipimo cha API. Maji yana digrii 10. Mafuta yanavyokuwa mepesi, namba inapanda. Yakiwa chini ya digrii 22.3 yanaitwa mazito. Maya ya Mexico yako karibu na 21 au 22, Merey ya Venezuela yako 16, na lami inayochimbwa kwenye mchanga wa Athabasca, Kanada, ina digrii 8 hivi, kwa hiyo inazama majini. Mafuta ya namna hiyo hayatiririki. Huyatii bombani mpaka uyachanganye na mafuta mepesi sana, kwa kawaida sehemu tatu katika kumi, na Wakanada walijenga bomba jingine, Southern Lights, kazi yake ni kuwarudishia hayo mafuta mepesi kutoka karibu na Chicago ili yatumike tena.

Wengi wanadhani bomba la Hoima hadi Chongoleani linapashwa moto kwa sababu mafuta ya Uganda ni mazito. Sababu hasa ni nta. Yakipoa kwenye joto la kawaida la udongo yanaganda, ndiyo maana bomba lile la kilometa 1,443 linatakiwa kuyaweka kwenye nyuzi joto 50 hivi njia nzima. Mafuta yenye nta na mafuta mazito ni matatizo mawili tofauti, na kiwanda kilichojengwa kwa ajili ya moja hakifai kwa jingine hivihivi.

Hapa ndipo penye kiini cha jibu langu. Ukisikia kiwanda kimepanuliwa ili kipokee mafuta mazito, usifikiri kimeongezwa ukubwa. Mara nyingi mapipa yanayoingia ni yaleyale. Kinachoongezwa ni mitambo ya kushughulikia yale yanayobaki chini ya pipa. Angalia kiwanda cha BP kilichoko Whiting, Indiana, kando ya Ziwa Michigan. Walitumia takriban dola bilioni 4 za Marekani na kumaliza mwaka 2013. Kabla na baada, kiwanda kilibaki na uwezo wa mapipa zaidi kidogo ya 400,000 kwa siku. Tofauti ni kwamba mwanzo mafuta mazito yalikuwa kama asilimia 20 ya yanayoingia, na baadaye kiliweza kupokea hadi karibu asilimia 80. Dola bilioni nne, na hapo kiwanda chenyewe kilikuwa kimesimama tangu karne ya 19, kina bandari, reli, matangi na mafundi.

Fedha hizo zilikwenda wapi? Fuata mafuta yenyewe. Yakiingia huoshwa chumvi kwanza, kisha hupashwa moto hadi nyuzi joto 350 hivi na kuingia mnara wa kwanza, ambapo petroli, mafuta ya taa na dizeli hupanda na kutengana. Kwenye mafuta mepesi kazi kubwa inaishia hapo. Kwenye mafuta mazito, sehemu kubwa imebaki chini, nzito na nyeusi. Ukiongeza moto inaanza kuungua ndani ya mirija ya tanuri, kwa hiyo unaipeleka mnara wa pili unaofanya kazi katika ombwe, yaani hewa ikiwa imefyonzwa, ambamo vitu huchemka kwa joto la chini zaidi. Hata baada ya huo wa pili kuna masalia, na kwa baadhi ya mafuta mazito masalia hayo hufika karibu nusu ya pipa.

Masalia haya ndiyo yanayoamua kama kiwanda kitaishi. Ukiyauza kama mafuta ya kuchomea kwenye maboila utapata bei iliyo chini ya ile uliyonunulia mafuta ghafi. Kwa hiyo yanapelekwa kwenye mtambo wa kuyavunja: yanapashwa moto hadi karibu nyuzi joto 500 na kumiminwa kwenye mapipa makubwa ya chuma yaliyosimama wima, marefu kama ghorofa kadhaa, yakikaa mawili mawili. La kwanza likijaa, mafuta mepesi yanapaa juu kama mvuke na chini panabaki makaa magumu yanayoitwa petikoki. Hapo mtiririko unahamishiwa pipa la pili, na la kwanza linakatwa kwa maji yenye msukumo mkali mpaka makaa yadondoke. Kazi hiyo haina mapumziko, usiku na mchana. Mtambo mpya wa Whiting peke yake uliundwa kwa masalia ya mapipa 102,000 kwa siku.

Na bado. Dizeli inayotoka kwenye masalia hayo imejaa salfa, haiwezi kuuzwa. Lazima ipite kwenye mtambo wa haidrojeni, ambapo haidrojeni hushika salfa na kuitoa. Nikeli na vanadiamu zilizomo kwenye mafuta mazito huua kichocheo kinachoharakisha kazi ya mtambo huo, na tindikali zake hula chuma. Kila kimoja kati ya hivyo kinadai mtambo wake au chuma cha bei.

Kwa nini nayaeleza haya yote kwa mtu wa Mtwara? Kwa sababu pwani yetu ya Afrika Mashariki imeshaona viwanda visivyo na sehemu hii ya chini vikifa. TIPER, kiwanda cha kusafisha mafuta pale Kigamboni, ilianza mwaka 1966, ikaacha kusafisha mwishoni mwa miaka ya 1990, na leo ni ghala la mafuta. Kiwanda cha Mombasa kilianza mwaka 1963. Mwekezaji aliyekuwa na nusu ya hisa, Essar ya India, alipanga kukiboresha, akapiga hesabu, akaona haitalipa, na mwaka 2013 usafishaji ukasimama. Indeni ya Ndola, Zambia, iliyolishwa na bomba la TAZAMA la kilometa 1,710 kutoka Dar es Salaam, nayo imeacha, na bomba lile sasa linapitisha dizeli iliyokwisha kusafishwa. Vyote vitatu vilikuwa vidogo na vya mitambo michache, vikishindana na vigogo kama Jamnagar ya India, kiwanda kinachopokea zaidi ya mapipa milioni moja kwa siku na kuyavunja masalia mpaka tone la mwisho. Mzito na mkubwa anaweza kununua mafuta mabaya kwa bei ya chini na kuuza dizeli nzuri. Mdogo hawezi. Ukijenga Mtwara kiwanda kidogo cha mafuta mazito, umechukua gharama za yule mkubwa bila ukubwa wake.

Kuna na kifungo kingine. Kiwanda kikishajengwa kwa mafuta mazito, kinayahitaji hayohayo. Januari 2019 Marekani ilipoiwekea vikwazo kampuni ya mafuta ya Venezuela, viwanda vya Ghuba ya Mexico vilivyozoea mafuta ya nchi hiyo vilihangaika kutafuta mbadala kutoka mabara mengine. Vilimudu kwa kuwa vina bandari kubwa na fedha. Meli kubwa ya mafuta ghafi hubeba mapipa milioni mbili na huzama maji zaidi ya mita 20. Gati letu jipya la mita 300 halikujengwa kwa ajili ya meli hizo. Ingebidi kujenga boya la kupakulia baharini, kama lile la Mjimwema, Kigamboni.

Sasa twende kwenye mambo ambayo wataalamu wa nje hawatakuambia kwa sababu hawajui maisha ya huku. La kwanza ni salfa. Mkulima wa korosho wa Newala au Tandahimba anaijua salfa kuliko mhandisi: kila msimu wa ubwiriunga anaipulizia mikorosho, la sivyo maua yanakauka. Sehemu kubwa ya salfa ya dunia leo hutoka kwenye usafishaji wa mafuta na gesi. Chukua mafuta ya digrii 22 yenye salfa asilimia 3. Pipa moja lina uzito wa kilo 146 hivi, kwa hiyo lina zaidi ya kilo 4 za salfa. Kiwanda cha mapipa 30,000 kwa siku kingekuwa kinapokea karibu tani 130 za salfa kila siku inayopambazuka. Sehemu yake ingebaki kwenye makaa, lakini inayotolewa bado ni nyingi. Sisemi ni sababu ya kujenga kiwanda. Kuna kuisaga, kuipima, kuifungasha, na korosho hainyunyiziwi mwaka mzima. Ila mtu akija na mradi wa namna hii Mtwara akaizungumzia salfa kama taka tu, muulize kwa nini.

La pili ni yale makaa. Tanuri za saruji huweza kuyachoma, na Mtwara ina kiwanda cha saruji cha Dangote kinachotumia gesi na makaa ya mawe. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini mwaka 2013 wakazi wa kusini mashariki mwa Chicago walipiga kelele kwa sababu petikoki iliyotoka Whiting ilirundikwa wazi kando ya mto na vumbi lake jeusi likaingia majumbani, mpaka jiji likatunga kanuni kali. Sisi hatuhitaji kwenda Chicago kulielewa vumbi hilo. Makaa ya mawe ya Ruvuma yamepita kwenye bandari ileile inayosafirisha korosho, na ndiyo sababu ya mpango wa kuhamishia shehena chafu Kisiwa Mgao. Petikoki ingeingia kwenye mzozo huohuo, tena ikiwa na salfa na vanadiamu ndani yake.

La tatu linaniumiza zaidi, nalo ni bahari. Julai 2010, bomba la kampuni ya Enbridge ya Kanada lilipasuka karibu na Marshall, Michigan, likibeba mafuta mazito yaliyochanganywa na mepesi. Waliokuwa kwenye chumba cha udhibiti walidhani ni hitilafu ya kawaida, wakawasha pampu tena mara mbili. Zilipita saa 17 ndipo wakatambua. Yalimwagika mapipa kama 20,000. Sehemu nyepesi ikapaa hewani, nzito ikazama chini ya mto Kalamazoo, na kuusafisha kukagharimu zaidi ya dola bilioni moja. Mafuta mepesi yakimwagika unayafukuza juu ya maji. Haya unayatafuta kwenye tope. Hebu fikiria mikoko ya mlango wa Ruvuma na matumbawe ya Mnazi Bay, eneo la hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000, ambako watu wa Msimbati wanapata kitoweo na ada ya shule. Kwangu mimi hili peke yake linatosha kudai kwamba mafuta mazito yasipakuliwe kusini mwa Mikindani, hata kama hesabu nyingine zote zingekubali.

Turudi kwenye gesi niliyokuambia uishike. Haidrojeni inayotumika kuondoa salfa hutengenezwa kwa kuchanganya gesi asilia na mvuke kwenye joto la zaidi ya nyuzi 800. Kwa maneno mengine, kiwanda cha mafuta mazito ni mlaji wa gesi. Kwa hesabu yangu ya kawaida, kiwanda cha mapipa 100,000 kinachotumia haidrojeni kwa wingi kingekula futi za ujazo milioni 50 hadi 70 kwa siku, yaani kati ya robo na theluthi ya uwezo wote wa Madimba. Hiyo ndiyo karata yetu halisi, na ndiyo maana mtu anaweza kweli siku moja kuja kutushawishi. Maoni yangu ni kwamba tusiitoe kwa kazi hiyo. Haidrojeni ileile ikiungana na naitrojeni ya hewani inakuwa amonia, na amonia inakuwa mbolea ya urea, ambayo mkulima wa mahindi wa Tunduru na Songea anainunua ikiwa imetoka ng'ambo. Kiwanda cha mbolea Kilwa kimezungumzwa miaka mingi. Mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika pale Likong'o, Lindi, nao umezungumzwa miaka mingi. Vyote viwili vinatumia tulicho nacho. Kiwanda cha mafuta mazito kinatumia tulicho nacho kuyasafisha mafuta ya mwingine, kisha kinatuachia makaa yake.

Mwaka 2013 mji huu uliwaka moto, watu wakapoteza maisha, kwa sababu mradi wa bomba ulifika kabla ya maelezo yake. Kwa hiyo akija mwekezaji wa mafuta mazito, mkutano wa kijiji usikae kusikiliza idadi ya ajira tu. Aseme mafuta yatatoka nchi gani na kwa mkataba wa miaka mingapi. Aseme masalia yatakwenda wapi, gesi ya haidrojeni itatoka kisima kipi na atailipia bei gani ikilinganishwa na TANESCO, maji ya kukatia makaa atayachota wapi katika mkoa ambao akina mama wa uwanda wa Makonde bado wanayapandisha mlima. Asiyeweza kujibu haya hajafika hatua ya kuchukua ardhi ya mtu.

Kuhusu wewe na mashine yako, usingoje kiwanda cha mafuta. Bomba la gesi kutoka visima vya Ntorya kuja Madimba, matengenezo ya mitambo iliyopo, matangi ya bandarini, zote ni kazi za mchomeleaji aliyepimwa. Mtihani unaotambulika ni wa mkao wa 6G, bomba likiwa limelazwa nyuzi 45 na haligeuzwi, wewe ndiye unayelizunguka. Kiungo kinapigwa picha ya eksirei, ikionekana tobo la hewa umeanguka. Uanze na chuma cha kawaida, halafu ujifunze chuma chenye kromu asilimia 5 na 9, kinachotumika penye joto na salfa. Hicho hukichomelei kikiwa baridi. Unakipasha kwanza, unashikilia joto wakati wa kazi, na baadaye kinapashwa tena kwa ratiba ili kisipasuke. Tena hakikisha waya wa kuchomelea ni wa chuma kilekile. Agosti 2012, kwenye kiwanda cha Chevron kilichoko Richmond, California, bomba la chuma cha kawaida lililoliwa na salfa mpaka likawa jembamba lilipasuka na kulipuka moto. Wafanyakazi 19 walinusurika ndani ya wingu la mvuke wa mafuta, na watu wapatao 15,000 wa mji ule wakaenda kutafuta matibabu. Chuma chenye kromu ya kutosha kingestahimili.

Kwa hiyo nenda VETA Mtwara, uulize mambo mawili kabla ya kulipa ada: kama wanafundisha tigi kwenye bomba na siyo kwenye bati pekee, na kama kuna mkaguzi anayetoa cheti kinachokubalika na makandarasi wa gesi. Ukikuta la pili halipo, fanya mafunzo hapa na mtihani ukaufanyie Dar es Salaam. Cheti hicho huisha nguvu usipofanya kazi kwa miezi sita, kwa hiyo kuanzia siku ya kwanza weka daftari la kila kiungo ulichochomelea, tarehe, aina ya chuma, na sahihi ya msimamizi.